Shukrani Tangulizi

Haya ninayosimulia ni ya nchi ya Neemani. Atakayeona yanafanana na ya kwao, shauri yake. Mimi sikumtaja mtu. Leo nina haraka kidogo, sababu yake nitaieleza mwishoni, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiruka hapa na pale. Lakini la msingi sitaliruka. La msingi ni kwamba sisi watu wa Neemani tuna adabu, na hakuna duniani wanawake wanaoshukuru kuzaa kama wa kwetu. Takwimu tunazo. Mwaka jana wanawake mia kati ya kila mia waliridhika na huduma ya uzazi, na mwaka juzi walikuwa mia na wawili kati ya mia. Wataalamu wa nje walishindwa kuielewa hiyo hesabu kwa sababu ya wivu.

Jina langu Zamda. Nilikuwa karani wa dirisha namba moja, Idara ya Shukrani, Hospitali ya Kinamama ya Faraja Kuu. Idara yetu ilikuwa na makarani ishirini na wawili, viti vya kuzunguka na feni mbili. Wodi ya uzazi, tuliyopakana nayo ukuta kwa ukuta, ilikuwa na vitanda tisa na nesi mmoja kila zamu. Msinikate jicho. Serikali haiwezi kufanya yote kwa mpigo, na ilianza na lililo muhimu.

Juu ya mlango wa wodi kulikuwa na kibao kikubwa chenye methali. Mnaijua: kuzaa si kazi, kazi kulea. Fundi alipofika katikati mbao ikamwishia, kwa hiyo kibao kikasomeka KUZAA SI KAZI, na kikazinduliwa hivyo hivyo, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi.

*

Zamani, kabla sijaajiriwa, wanawake wa Neemani walikuwa wakiulizwa habari za huduma baada ya kujifungua. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mwanamke katoka kushonwa bila ganzi, katukanwa yeye na mama yake, kalazwa na mwenzake mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, miguu ya huyu usoni kwa yule, halafu unamwekea karatasi mbele umuulize ameonaje. Ataandika nini? Waliandika. Waliandika mpaka pembeni mwa karatasi, wakageuza na nyuma. Barua zikajaa wizarani, na Waziri wa Uzazi Mwema, Mheshimiwa Profesa Mashamsham, mtu ambaye akiona nyanya iliyopasuka huomba kiti, akaunda tume.

Tume ilikuwa na wajumbe kumi na wawili: wanaume kumi na mmoja na mwanamke mmoja. Yule mwanamke alishikwa na uchungu kikao cha pili, akapelekwa Faraja Kuu, na hakurudi. Wajumbe waliobaki walisimama dakika moja, kisha wakaendelea na ajenda. Baada ya miezi kumi walitoa ripoti ya kurasa mia nne. Iligundua kwamba malalamiko yote, bila kubakiza hata moja, yaliandikwa na watu ambao walikwisha kuhudumiwa. Mtu ambaye hajahudumiwa hakuwahi kulalamika. Mkiwaza vizuri mtaona ripoti haikusema uongo.

Dawa aliipata Profesa mwenyewe, akaieleza bungeni. "Waheshimiwa," alisema, "mtu wetu akiandika barua ya kuomba ruhusa, ya kuomba kazi, hata ya kuomba kuazimwa jembe, anamalizia vipi? Anamalizia: natanguliza shukrani. Jembe hajapewa, na pengine hatapewa, lakini kashukuru. Huo ndio utamaduni wetu. Sasa ikiwa mwenye jembe anashukuriwa kabla ya jembe, mama wa Neemani ana sababu gani ya kungoja mpaka azae?"

Meza zilipigwa hadi moja ikavunjika mguu. Ikapita Sheria ya Shukrani Tangulizi. Tangu siku hiyo mwanamke akija na uchungu, mlango wa wodi haufunguliwi mpaka ajaze Fomu Namba Saba.

Fomu yenyewe haina ugumu. Swali la kwanza: je, ulipokelewa kwa upole? Majibu matatu, chagua moja: Sana, Mno, Sijapata kuona. Swali la pili: lugha ya wahudumu ilikuwaje? Tamu, Tamu sana, Nililia kwa utamu. Chini kuna mistari kumi ya maelezo binafsi. Na kwa kuwa mtu mwenye uchungu hashiki kalamu ikashikika, karani huandika kwa niaba yake, yeye huweka dole gumba tu. Wino wetu ulikuwa wa zambarau, ule ule wa kupigia kura, hautoki wiki mbili hata usugue na mchanga.

Nami, bila kujisifu, nilikuwa na mkono. Shukrani zangu zilikuwa zikisomwa redioni kila Ijumaa, na mara mbili niliwahi kulia mwenyewe nilipozisikia.

Msidhani pia kwamba haki za mwanamke zilisahauliwa. Kulikuwa na Kurugenzi ya Mwanamke Kwanza, na mkurugenzi wake alikuwa mwanamume, kwani mwanamke aliyefaa alikuwa likizo ya uzazi. Ndiye aliyetuletea mwongozo wa lugha. Matusi ya wodini yalifutwa kabisa. Yakaitwa Nasaha za Papo kwa Papo, yakapewa namba. Nasaha Namba Moja: ulipokuwa unaitafuta mbona hukulia? Nasaha Namba Mbili: ukiua mtoto shauri yako. Makofi nayo yalifutwa. Likabaki Kofi la Hamasa, la pajani, kwa kiganja kilichokunjuka. Wanaharakati wawili wakaja getini na bango lililoandikwa MZAZI NI MTU. Walikamatwa, wakaulizwa habari hizo wamezitoa wapi.

*

Siwema alikuja Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nakumbuka hata dakika kwa sababu niliziandika mimi. Fomu ina kisanduku cha saa pale juu, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisoma. Alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani, na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza. Alikuja na mama yake, Bi Tausi, mwanamke mfupi wa maneno machache, kajitwisha beseni. Ndani ya beseni: kanga tatu, glovu, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu. Neemani mzazi huja na hospitali yake kichwani. Serikali inatoa ukuta.

Uchungu ulikuwa ukimshika na kumwachia, na kila ukimwachia anacheka.

"Dada, fomu ya nini tena?"

"Ya shukrani."

"Nishukuru nini, na mimi bado sijaingia?"

"Utaingia ukishashukuru."

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama kibao cha mlangoni. Uchungu ukamshika tena, akang'ang'ania ukingo wa dirisha langu mpaka vidole vikawa vyeupe, mimi nikangoja kwa adabu. Ulipomwachia alipangusa jasho akacheka tena, akalionyesha tumbo langu, maana nami nilikuwa na miezi sita.

"Haya, andika, dada. Na wewe naona uko njiani. Najua utanishukuria vizuri."

Nikamshukuria vizuri. Mungu anisamehe, asubuhi ile mkono wangu ulikuwa mwepesi. Niliandika: "Nilipokelewa kama bibi harusi. Mikono ya manesi ilikuwa laini, maneno yao yalikuwa asali. Sikusikia uchungu, nilisikia upendo. Hata nikifa leo, nitakufa nikijua nimezaa Faraja Kuu." Hiyo sentensi ya mwisho niliona imekaa vizuri sana. Nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Akaweka dole. Mlango ukafunguliwa. Bi Tausi alitaka kuingia naye, akaonyeshwa benchi la nje, kwani ndugu haruhusiwi wodini: mwongozo unasema ndugu huongeza idadi ya mashahidi.

*

Kati ya ofisi yetu na wodi kulikuwa na kijidirisha cha kupitishia mafaili, na meza yangu ilikuwa hapo hapo. Kwa hiyo haya sikuyasikia kwa mtu.

Nesi wa zamu alikuwa Sista Vumilia. Alikuwa peke yake na wazazi kumi na saba. Sitamtetea na sitamsulubu. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Yeye mwenyewe alizalia wodi ile ile, akapigwa pale pale, na sasa alikuwa akipiga kama alivyopigwa.

"Sista, naomba uniangalie," Siwema alisema.

"Bado wewe. Subiri."

Akasubiri. Kila nilipoinua kichwa nilimsikia akiomba, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana msumbufu. Ilipokaribia saa saba alisema, "Sista, mtoto anakuja," akajibiwa kwa Nasaha Namba Moja, neno kwa neno kama mwongozo unavyotaka, na Kofi la Hamasa juu yake. Kitandani alikuwapo mwenzake, kwa hiyo alishuka. Saa saba mchana alijifungua sakafuni, akisaidiwa na huyo jirani wa kitanda, mtoto wa kike, akalia vizuri tu. Sista akaja akakata kitovu kwa wembe wa kwenye beseni, akamtupia Siwema tambara.

"Futa uchafu wako."

Akapiga magoti akafuta. Nilimwona. Alikuwa akifuta damu yake mwenyewe, na akifuta hii inakuja nyingine, anafuta na hiyo, kwa sababu alilelewa vizuri na hakutaka kuacha sakafu ya watu chafu.

"Sista, damu haikatiki."

Hapo Sista Vumilia aligeuka, na nilimwona uso ukimbadilika. Alimpandisha kitandani, akamkanda tumbo, akaja mbio kwenye simu ya ukutani karibu na kijidirisha changu, akampigia daktari. Daktari alikuwa ghorofani kwenye semina ya Shukrani na Maendeleo. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu.

"Fomu yake inasemaje?"

Sista akanitazama. "Zamda, soma."

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema: fomu nimeitunga mimi kabla hajavuka mlango, shuka chini, mtu anatokwa na damu. Lakini nilikuwa karani, nimeambiwa soma. Nikasoma. Nilisoma kwa madaha, kama redioni, bibi harusi, asali, upendo na yote.

"Basi huyo yuko salama," alisema daktari. "Msinisumbue kwa watu walioridhika."

Sista akairudisha simu mahali pake. Kulikuwa na wengine kumi na sita wanaoita. Saa tisa Siwema alinyamaza, na aliyegundua ni yule jirani wa kitanda, kwa kuwa miguu iliyokuwa usoni kwake ilikuwa imepoa.

Nilitaka kusimulia kwa adabu, lakini adabu yangu imeishia hapa. Waliua mtu. Tuliua mtu. Aliomba kwa heshima masaa matano, akafuta na sakafu, na sisi tukamsomea insha. Nina hasira mpaka meno yananiuma, na aliyeona natia chumvi akae kwenye lile benchi siku moja tu, asikilize.

Haya. Nimeshatulia. Tuendelee.

*

Matroni Feliciana alikuja na faili mkononi, jasho linamtoka. Hakuwa na wasiwasi juu ya Siwema, bali juu ya kujaza karatasi. Sheria inasema mwenye Fomu Namba Saba iliyokamilika ni mama aliyehudumiwa akaridhika, na utaratibu wa marehemu aliyeridhika haukuwapo. Ukiandika kafa, umeandika kwamba fomu ni ya uongo, na fomu imetiwa muhuri wa taifa. Akakaa, akafikiri, akatafuna kalamu. Mwisho akaandika: "Ametoka akiwa ametulia."

Na kweli alitoka, kwa mlango wa nyuma, kafungwa kwenye kanga zake mwenyewe. Bi Tausi alipewa maiti na ile karatasi. Mtoto hakupewa. Sheria ya mtoto ni kali, imewekwa kuzuia wizi: mtoto hukabidhiwa mama yake mzazi tu, kwa dole gumba lile lile lililomwingiza wodini.

Alimzika Jumatano. Waliomwosha wamenieleza kwamba walisugua lile dole kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Wino haukutoka, akaingia nao kaburini.

Alhamisi Bi Tausi akasimama dirishani kwangu.

"Mwanangu, nimemfuata mjukuu wangu."

"Pole, mama. Lakini mtoto anakabidhiwa mama yake."

"Mama yake nimemzika jana."

Nikafungua faili, kana kwamba sijui kilichomo. "Humu imeandikwa ametoka akiwa ametulia."

Hakupaza sauti. "Ni kweli, alikuwa ametulia," alisema. "Naomba mtoto."

Nikamwambia arudi kesho. Alirudi kesho, na kesho yake, siku kumi na moja mfululizo, na kila siku akaniomba kwa maneno yale yale mawili. Mtoto alikuwa chumba cha watoto, mguuni kafungwa kitambulisho: ANAMNGOJA MAMA. Wazazi waliokuwa wodini walikuwa wakipokezana kumnyonyesha, huyu akiruhusiwa anamkabidhi kwa mwingine, na hilo halikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Bi Tausi alikuwa akikaa benchini hadi ofisi inafungwa, kisha anaondoka. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, tumemla. Sasa alitaka kilichobaki.

Siku ya saba nilimwuliza Matroni kama hatuwezi kulegeza kidogo. Akaniambia, "Zamda, tukimpa bibi, tumekubali mama hayupo. Mama yupo. Karidhika. Wewe ndiye uliyeandika."

*

Siku ya kumi na mbili ikaja barua kutoka wizarani. Ilikuwa Wiki ya Shukrani, na katika fomu elfu arobaini za nchi nzima iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa ya Siwema. Majaji walisema sentensi ile ya mwisho, ya hata nikifa leo, iliwatoa machozi. Mshindi alitakiwa uwanja wa taifa Jumamosi asubuhi, yeye na mtoto wake, apewe nishani na Waziri. Karani aliyeandika ataisoma.

Matroni alikaa chini. Kisha akainuka, akamwita Bi Tausi ofisini kwake. Kwa mara ya kwanza Bi Tausi alipewa kiti.

"Bi mkubwa," Matroni alisema, sauti imelainika, "una mpwa? Una binti wa jirani? Mtu wa kusimama tu pale jukwaani, atabasamu, apokee nishani. Mtoto tutampakata pale pale. Ikiisha, mtoto ni wako, nenda naye."

"Akisimama huyo binti," Bi Tausi aliuliza, "Siwema wangu atakuwa amekufa lini?"

"Hatakuwa amekufa. Atakuwa amepata nishani."

Mimi nilikuwa mlangoni na majalada, na nilielewa anachopimishwa. Akikubali, anampata mjukuu na mwanawe anafutwa: hakufa, hakutokwa na damu, hakuna aliyemfanya kitu. Akikataa, mtoto ataendelea kungoja mama mpaka aote meno.

"Nitakuja Jumamosi," alisema.

Matroni akashusha pumzi. Hata mimi nilidhani kakubali.

*

Uwanja ulijaa. Shule zilipewa likizo, vikundi vya ngoma vikapangwa, wazazi kutoka mikoani wakaletwa na madole yao ya zambarau. Bendi ilipiga, Profesa Mashamsham akapanda jukwaani katika suti nyeupe, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Kuna upepo unavuma kutoka ng'ambo, unaitwa haki za mzazi. Wanataka mzazi achague jinsi ya kulala, wanataka aingie na mwenzake, wanataka aulizwe! Mimi nawauliza, mama zetu waliulizwa na nani? Mama zetu walikuwa wakizaa shambani, peke yao, wakarudi nyumbani na mtoto mgongoni na kuni kichwani! Wakapika! Walilalamika? Hawakulalamika. Leo tunaye hapa mama wa mfano huo. Siwema, mwanangu, njoo!"

Matroni alisogea na mtoto mikononi, macho yanatafuta binti wa kutabasamu. Akapanda Bi Tausi, peke yake, na kaniki ya msiba mwilini.

Profesa alimtazama, akaitazama karatasi yake. "Siwema," alisema, "mbona umekomaa?"

Uwanja ukacheka. Bi Tausi akamwendea Matroni, akanyoosha mikono, na Matroni, mbele ya watu elfu thelathini na redio ya taifa, angefanya nini? Akampa. Bi Tausi akamfunua mtoto uso, akamtazama muda mrefu, akamfunga mgongoni kwa kanga. Ndipo akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa, umesema mama zetu walizaa shambani wakarudi na kuni."

"Naam, mama."

"Na waliofia shambani, kuni zao zilirudi na nani?"

Profesa alifungua mdomo. Bendi ilidhani ni ishara yake, ikapiga kidogo, ikaacha.

"Siwema ni mwanangu, nimemzika siku kumi na saba zilizopita," Bi Tausi alisema. "Sikuja kushukuru. Nimemfuata mjukuu wangu." Akashuka ngazi polepole, kwa sababu ya mtoto. Hakuna askari aliyemgusa. Wanawake wa mikoani walimpisha njia, kisha njia ikafunga nyuma yake.

Profesa akapangusa paji la uso. Kwa kuwa ratiba ni ratiba, akasema kwa haraka, "Karani, soma shukrani."

Nikasogea na Fomu Namba Saba. Nilikuwa nimebeba pia daftari la wodi, ambamo nesi huandika kila anayezaa na kila anayekufa. Asubuhi ile Sista Vumilia alinitilia kwapani, akaenda zake. Nikaanza kusoma kutoka juu kabisa, kisanduku ambacho hakisomwi.

"Siwema binti Tausi. Ameshukuru saa nne na dakika kumi asubuhi." Nikafungua daftari. "Amejifungua saa saba mchana, sakafuni. Amefariki saa tisa, kwa damu." Nikarudia, kwa sababu upande wa jua walikuwa hawajasikia. "Kashukuru saa nne. Kazaa saa saba. Kafa saa tisa. Na shukrani hizi nimezitunga mimi."

Kipaza sauti kilizimwa, lakini saa zilikuwa zimeshasikika. Nikaona mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akilitazama dole lake, kisha akamgeukia wa pembeni yake akamwuliza kitu. Wa pembeni akajibu. Wakaanza kuulizana mstari mzima: wewe ulishukuru saa ngapi? Wewe je? Na yule dada yako? Hawakupiga kelele. Walikuwa wakiulizana saa tu, na ule mnong'ono ulipanda ngazi za uwanja hadi juu. Profesa Mashamsham akaomba kiti.

*

Nilifukuzwa kazi siku ile ile. Kosa lililoandikwa kwenye barua ni kusoma saa. Sista Vumilia alihamishiwa chanjo ya mbuzi. Wanawake walirudi makwao, lakini waliendelea kuulizana, sokoni, kisimani, misibani, na barua zikaanza tena kumiminika wizarani.

Serikali yetu ni sikivu. Iliunda tume nyingine, ambayo safari hii ilifanya kazi siku tatu tu. Ilikiri kwamba Fomu Namba Saba ina kasoro: mtu anaweza kushukuru kwanza na bado akaja kukasirika baadaye, au jamaa zake wakakasirika kwa niaba yake. Kwa hiyo imeongezwa Fomu Namba Nane, Msamaha Tangulizi. Mzazi sasa, kabla ya mlango kufunguliwa, hushukuru kwa dole la kulia na kusamehe kwa dole la kushoto: amemsamehe nesi, daktari, hospitali, wizara na mvua. Na kisanduku cha saa kimeondolewa kwenye fomu zote mbili.

Sasa ile sababu ya haraka yangu. Nimekaa nyumbani kwa Bi Tausi. Nilimwendea wiki ile ile ya uwanjani, nikampigia magoti, na hakuniambia nimekusamehe, aliniambia, "Mshike mtoto, nachota maji." Mtoto anaitwa Siwema, ana miezi mitatu, amelala hapa pembeni yangu. Mimi uchungu umenianza tangu alfajiri, na chupa imepasuka wakati naandika ule ukurasa wa tume. Bi Tausi anapanga beseni: kanga, pamba, wembe, uzi. Hospitali ni ile ile, hakuna nyingine.

Nitaweka madole yote mawili, sababu mlango haufunguliki bila hivyo. Aliyekalia dirisha langu ana mkono mzuri, nilimfundisha mwenyewe. Atanipamba.

Kwa hiyo, jamaa zangu, mimi natanguliza malalamiko. Nakala ya karatasi hii anabaki nayo Bi Tausi, na nyingine itapelekwa kwa wale wanaharakati wawili wa lile bango, ambao wamekwisha kuachiwa. Ijumaa mkisikia redioni kwamba Zamda karidhika, kwamba Zamda kalia kwa utamu, kwamba Zamda kawasamehe wote, jueni hajasema hayo Zamda. Sijaridhika. Sijasamehe. Niko hai, nina akili zangu timamu, na saa hii ya ukutani inasema saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Andikeni saa.